Upande wa Ndovu

Nilipofika Chepsaita, Mama Edinah alikuwa amechutama kando ya tangi la maji, mikono imejaa jivu hadi kwenye viwiko. Mkono mmoja ulishika gunzi la mahindi. Mwingine ulishika kitu kidogo kinachometameta, naye alikuwa akikisugua kwa nguvu zile zile za kusugua sufuria ya ugali.

"Karibu, Mama Njambi," akasema bila kuinuka. "Nilitaka ukute inang'aa."

Kitu hicho ndicho mume wangu, Irungu, alichokitafuta kwa miaka kumi na minne.

Irungu aliuza vifaa vya ujenzi hapa mtaani kwetu Pioneer siku sita za wiki. Siku ya saba, baada ya ibada, alikuwa mtu mwingine. Alivaa glavu nyeupe za pamba, akafungua sanduku la mwerezi alilolichonga mwenyewe, akazitazama sarafu zake za dhahabu kwa lenzi, moja moja, kama mtu anayesoma barua. Zilikuwa saba, zote za miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na hakuna hata moja iliyokuwa na mkwaruzo. Zilizochakaa alizirudisha kwa wenyewe. "Nataka ile ambayo haijapita mikononi mwa watu," alikuwa akisema. Shimo la nane, lenye mahameli ya buluu, lilibaki tupu. Lilimngoja ndovu: sarafu ya rupia kumi na tano, yenye ndovu upande mmoja na tai upande wa pili, iliyotengenezwa na Wajerumani kule Tabora mwaka wa 1916, vita vikiwa vimewabana.

Mzee Kituyi, mumewe Edinah, alikuwa nayo. Babu yake alibeba mizigo katika vita hivyo, akarudi nayo nyumbani, akaitia ndani ya pembe ya ng'ombe na kuiziba kwa nta. Siku Irungu alipooneshwa, alirudi nyumbani akashindwa kula. Walikubaliana bila karatasi. Irungu alipeleka mtamba wa maziwa, na Kituyi angetoa sarafu ndugu zake wakiridhia. Ndugu walichukua miaka miwili. Waliporidhia, Irungu alikuwa na miezi saba kaburini.

Nilikwenda kuichukua mimi, binti yangu Njambi akiendesha gari. Nilivaa sweta ya kahawia ya Irungu. Sikuwa nimeifua tangu afariki. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja, kwamba sarafu haioshwi, kwa kuwa hata kitambaa laini huacha alama. Baada ya mazishi niliipanua sheria hiyo ikaifikia sweta, kikombe chake, na hata tope lililokaukia kwenye gambuti zake. Nilichotaka siku ile ni kulijaza lile shimo kama yeye angelijaza. Baada ya hapo, nilijiambia, ningepumzika.

Mzee Kituyi alitoka ndani, akasimama mlangoni.

"Edinah, hiyo ni nini unafanya?"

"Si mgeni amekuja? Ulitaka apewe kitu iko na ukungu? Mama wa watu amefiwa."

"Miaka mia na zaidi," mzee akasema polepole. "Vita haikuiguza. Siafu hawakuiguza. Halafu wewe na gunzi."

"Nimefanya upande mmoja tu," Edinah akajitetea, sauti ikimpungua. "Nimeanza na wa ndovu, kwa sababu ndio watu huangalia."

Aliniwekea sarafu kiganjani. Upande wa tai ulikuwa safi, kila unyoya mahali pake. Upande wa ndovu ulikuwa umejaa mistari myembamba, imekatiza mkonga, tumbo na mlima ulio nyuma yake. Wote watatu walinitazama mimi.

Nikamwona Irungu. Nilimwona amesimama pale penye tope na glavu zake nyeupe, lenzi mkononi, mbele ya mama huyu na gunzi lake, akitafuta neno la heshima la kumwambia mwenye boma. Asingelipata. Angekaa chini, pale pale.

Kicheko kilianzia tumboni. Nilijaribu kukizuia kikatokea puani. Njambi alinitazama kwa hofu, kisha naye akaangua. Mzee Kituyi alijikaza, akageuza uso, mabega yakamsaliti. Zizini ng'ombe akalia.

"Hata Rupia anakucheka," mzee akamwambia mkewe. Ndilo jina walilompa yule mtamba.

Edinah aliinuka akanikumbatia, akicheka na kulia. Aliponiachia, jivu la mikono yake lilikuwa limebaki mabegani mwangu.

"Woi, nimekuharibia sweta. Vua niioshe."

"Na gunzi?" mzee akauliza.

"Acha tu, Mama," nikasema. "Nitaifua mwenyewe."

Maneno yalikuwa yameshatoka ndipo nikayasikia.

Walituchinjia kuku. Mzee aliitoa firigisi, ambayo kwao huliwa na mwenye boma, akaiweka kwenye sahani yangu. "Hii ni ya mwenye ndovu," akasema. Niliila yote, nikanywa chai ya maziwa ya Rupia vikombe viwili.

Tulirudi jua likingali juu. Nilifua kwanza. Kisha Njambi akafungua sanduku mezani, karibu na dirisha, akanisogezea glavu. Sikuzivaa.

"Tuweke tai juu, Mama. Huo upande hauna kitu. Hakuna mtu atajua."

Niliishika sarafu ukingoni, jinsi Irungu alivyonifundisha, nikaishusha shimoni. Ilienea barabara. Ndovu alitazama juu, na mwanga wa dirishani ukatembea ndani ya mistari ya Edinah.

Njambi aliinama na lenzi ya baba yake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Imekwaruzwa vibaya," akasema, na kicheko kikaanza kumcheza midomoni.

"Naona."

Nje, sweta ilikuwa ikidondosha maji kwenye kamba, mikono yake imepanuka, upepo ukiingia na kutoka.