Brashi Hupulizwa Mara Tatu

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa waliosoma na waliokimbia umande, kwamba saa tatu kamili asubuhi Taaluma yenyewe, imevaa miwani na kubeba faili mbili, iliketi ukumbini kumpima mpambaji wa nyuso. Kisha Taaluma ikapiga chafya mara nne mfululizo, maana jirani mshona nguo alikuwa amefungua kopo la poda kwa fujo.

"Samahani, mwalimu," alisema mshona nguo, aliyekuja siku hiyo kuwa mteja wa mtihani. "Mimi nimeleta uso tu. Mikono yangu haikualikwa."

"Basi nyamaza na uso wenyewe," mpambaji alimnong'oneza. "Ukicheka, wanja utapanda mpaka kwenye nywele."

Watahini walikuwa wawili: mama wa makamo mwenye miwani, na kijana aliyekuwa akiandika kila kitu, pengine hata chafya.

Mpambaji huyu alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, yote katika chumba cha nyuma ya saluni ya nywele: kiti kimoja, kioo kimoja, rafu mbili. Hakuna aliyemfundisha. Alianza na nyuso za dada zake, akaenda kwa marafiki zao, akafika kwa maharusi. Mara mbili aliitwa kupamba nyuso za watu ambao hawangefumbua tena macho wajione kwenye kioo, na mara zote mbili alifanya kazi ile ile, polepole vile vile. Cheti hakuwa nacho hata cha kuzibia tundu la ukuta.

Kisha barua ikabandikwa kwenye kila saluni. Asiye na cheti asiguse uso wa mteja. Waliojifunzia kazini waliruhusiwa kufanya mtihani wa siku moja, nusu mikono na nusu mdomo. Akifaulu, chumba ni chake. Akishindwa, mlango ufungwe.

Mikono haikumpa shida. Alimsafisha mshona nguo uso kwa pamba, akajaribu rangi tatu za fondesheni kwenye taya, akachagua moja na kuirekebisha kwa tone la nyingine. Shavuni mshona nguo ana alama nyeusi ya kuzaliwa, kubwa kama kifungo cha koti.

"Hiyo huifichi?" kijana aliuliza.

"Nimuulize mwenyewe," alisema mpambaji. "Shoga, tuifiche?"

"Uifiche mama yangu anitambueje?"

Aliiacha. Alipomaliza, mshona nguo alikuwa yeye yule yule, ila kama aliyelala vizuri mwaka mzima. Mama wa miwani aliuzunguka uso ule mara mbili. Kalamu yake iliandika kwa muda mrefu.

Ikabaki nusu ya mdomo. Hapo sharti nieleze jambo. Mpambaji alikuwa ameazima kitabu cha urembo, kurasa nyingi, herufi ndogo kama chawa. Yeye husoma kwa kidole, polepole. Kwa hiyo alimpa mtoto wa dada yake, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, amfupishie. Binti huyo ni mwerevu, mpole, mwenye heshima zake, na wote wanaomfahamu watakiri hivyo. Aliandika kurasa nne kwa mwandiko wa kupendeza. Mpambaji alizikariri wiki mbili: akiosha vyombo, akianika nguo, akipanga foleni bombani, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali.

Maswali mawili ya kwanza aliyajibu vizuri. La tatu likaja.

"Ukimaliza mteja mmoja," aliuliza mama wa miwani, "brashi unazifanya nini kabla ya kumshika mwingine?"

Mikono ya mpambaji, kwa mazoea tu, ilikuwa wakati huo huo ikifuta brashi kwa pamba iliyolowa spiriti. Aliitazama mikono hiyo kama mtu anavyomtazama jamaa wa shamba aliyejitokeza mbele ya wageni bila viatu. Akaiweka chini ya meza.

"Brashi hupulizwa mara tatu," alisema kwa sauti ya kukariri, "kuelekea kaskazini, ili vumbi lisirudi kwa mwenyewe."

Kijana aliinama chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

"Dada," mama wa miwani alisema taratibu, "hivyo ndivyo unavyofanya?"

"Hapana. Mimi nazifuta kwa spiriti. Jioni nazifua kwa sabuni, nazilaza nywele zimeinama, maji yasiingie kwenye gundi ya mpini. Lakini huko ni kuzoea tu, mwalimu. Sahihi ni hilo la kwanza."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

Mtahini alivua miwani. "Ninaruhusiwa kuandika jibu moja. Niandike lipi?"

Mshona nguo, ambaye ndiye aliyesimulia haya yote baadaye, anasema alimkanyaga mpambaji mguu mpaka kiatu kikamvuka. Haikusaidia.

"Andika la kwanza," alisema mpambaji.

Saa saba mpambaji alirudi chumbani kwake na karatasi ya matokeo. Mikono: bora sana. Maelezo ya mdomo: hajafaulu. Arudi baada ya miezi sita. Kwa sasa asihudumie mteja. Binti wa bweni alikuwa pale, ameketi kwenye kile kiti kimoja, anangoja habari njema. Mpambaji alifunga mlango kwa ndani, akafungua mkoba, akatoa kurasa nne zilizolegea kwa kukunjwa.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Kazi yako yote nimeiharibu. Kichwa changu kibovu, nimekariri vibaya. Hebu nisomee polepole, nione nilipokosea."

Binti alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti safi. Wa pili pia. Alipofika wa tatu akashikwa na kikohozi.

"Endelea, mwanangu."

Hakuendelea. Na mimi pia siwezi kuendelea kumwita binti, kana kwamba ni mtu mwingine. Mwandiko ule ni wangu. Kitabu kilinichosha ukurasa wa pili, nikaanza kubuni, nikicheka peke yangu nikifikiria nitakavyowasimulia wenzangu bwenini. Nilidhani ataliona hilo la kaskazini mara moja, anifukuze na fagio, tucheke wote. Mtu anayefua brashi kila jioni miaka kumi na tisa! Sikujua kwamba angeiamini karatasi yangu kuliko mikono yake.

"Mama mdogo, hukukosea," nilisema. "Umeyakariri yote, neno kwa neno. Nilibuni mimi."

Hakupiga kelele. Alizichukua zile kurasa, akazinyoosha juu ya goti, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa tatu na kuanza kusoma mwenyewe.

Mlangoni mtu akapiga hodi. "Mama, upo? Nilikwambia nitakuja saa nane kupambwa."

Mama mdogo hakuinua uso. "Nenda wewe uliyesoma," alisema. "Kamweleze."

Hodi ya pili ikapigwa. Nilisimama, mkono kwenye komeo, natafuta neno la kuanzia, na nyuma yangu nasikia kidole chake kikikwaruza karatasi, polepole, mstari kwa mstari.