Foronya ya Jiwe

Fundi cherehani alikuwa akifagia vipande vya kitambaa mlangoni pa chumba chake cha kazi alipokuta vichuguu vidogo vya udongo, kila kimoja na tundu katikati, tundu la kuingia penseli. Nyuki mmoja mwembamba akatoka kwenye tundu, miguu imejaa vumbi la kijivu, akaruka akapotelea juu ya ukuta. Mwingine akaja akaingia. Fundi akageuza ufagio, akafagia pembeni. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na nyuki hawakumzuia kupita.

Hata hivyo alimpigia simu afisa kilimo, mteja wake wa siku nyingi. Afisa akamwambia hao ni nyuki wa ardhini. Hawana mzinga wala asali ya kulinda, kila jike ana shimo lake, na hawaumi mtu asipowashika au kuwakanyaga. Asiwamwagie sumu wala maji ya moto. Msimu wao ni mfupi, wangeondoka wenyewe, na kama hataki warudi apande majani pale, kwa sababu wanapenda udongo mkavu ulio wazi. Fundi akashukuru, akapanga matofali kuwaonyesha wateja pa kupita, akaona mambo yamekwisha.

Asubuhi iliyofuata, katikati ya vichuguu, palikuwa na ncha ya zege imechomoza kama jino la mtoto. Nyuki walikuwa wakija na chembe za mchanga na saruji, wakizipachika juu ya ncha, wakizilainisha kwa mate, kisha wakirudi zilikotoka. Hawakuwa na haraka na hawakupumzika. Kufikia jioni jino lile lilikuwa kubwa kuliko kiberiti.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alichuchumaa mbele ya jino lile, akaliangalia mpaka chai yake ikapoa. Akauliza nyuki hao wanatokea upande gani. Fundi akamwambia wanatokea upande wa duka la viatu. Mume akainuka, akatazama upande huo.

Alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Timazi kwa sababu hakuwahi kujenga ukuta ukapinda. Ukuta uliotenga uwanja wao na wa jirani aliujenga yeye, bure kabisa, kwa ujirani mwema, wakati jirani amekwenda kumuuguza mama yake na baadaye kumzika. Jirani huyo alikuwa muuguzi, akiitwa Sista na wakubwa kwa wadogo. Aliporudi alisimama mbele ya ukuta ule na begi lake mkononi, akasema uwanja wake umepungua. Akasema palikuwa na jiwe la mpaka, la zege, lenye herufi mbili na namba saba iliyopinda mkia. Watu wakalitafuta jiwe wasilione. Wakampa pole, wakamwambia msiba unachanganya akili, apumzike kwanza. Sista akasema labda. Tangu hapo alipozungumzia jambo lolote alilolikumbuka, alimalizia na hilo labda.

Kwenye kipande hicho alichodai Sista kimepungua, Timazi alimjengea mkewe chumba cha cherehani, chenye dirisha kubwa na meza ya kukatia. Kabla ya hapo mke alikuwa akishonea jikoni, na nguo za wateja zilikwenda kwao zikinuka vitunguu. Hakuwahi kuuliza chumba kimepata wapi nafasi. Alikuwa amefurahi mno.

Sasa akauliza. Timazi akajibu kwamba jiwe alilivunja kwa nyundo na kulichanganya na kokoto za msingi wa duka la viatu, kazi aliyokuwa nayo wakati ule. Alisema kama mtu anayetaja alikoacha koleo lake. Kisha akaongeza kwamba mwenye duka anamsumbua, kona moja ya sakafu imeanza kutitia.

Timazi alilipiga nyundo lile jiwe lililoota uani likasambaa, na kesho yake likawa limesimama, limenenepa. Akaling'oa, akalipakia kwenye toroli, akaenda kulitupa jalalani. Nyuki wakalirudisha, na safari hii wakaliweka na kipande cha soli ya kiatu, ambacho baadaye walikitoa wakakisukuma kando. Timazi akaweka pimamaji juu ya jiwe. Povu la hewa likatulia katikati kabisa.

"Limekaa sawa," akasema, na kulikuwa na wivu kidogo katika sauti yake.

Jiwe likafikia urefu wa kigoda. Nyuki wakaanza kulichonga juu kwa meno yao, herufi ya kwanza, herufi ya pili, namba. Mke na mume wakawa wanakula, kila mmoja akisikiliza mvumo ule kutoka uani. Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi hiyo Sista alikuwa na miadi na fundi ya kujaribu gauni lake jipya la kazini.

Jumamosi mchana, Sista akiwa hajafika, saba ikakamilika, na mkia wake ulipinda. Timazi akatoka stoo na dumu la petroli na kiberiti. Alikuwa amevaa buti na amejifunga shuka kichwani, macho tu yakionekana. Alipanga kuwachoma nyuki wote, halafu alivunje jiwe kusiwe na wa kuliunga tena. Fundi akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama katikati yake na vichuguu.

"Sogea, mama."

"Hawa hawajamdhulumu mtu, baba."

Harufu ya petroli ilikuwa imekwisha kujaa uani. Nyuki mmoja akatua juu ya kifuniko cha dumu, akajifuta uso, akaondoka. Fundi aliogopa kuwaona wale wadudu wakiungua, na aliogopa pia kukiona chumba chake kikibomolewa, dirisha, meza na vyote. Hofu hizo mbili zilikaa ndani yake bila kugombana.

Timazi akaweka dumu chini.

"Na Sista je?"

"Sista niachie mimi."

Timazi akadhani mkewe atasema ukweli. Mkewe naye, kwa muda wa kufika mezani, alidhani hivyo hivyo. Kisha akachukua kitambaa cha mahameli kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, akakikata bila kupima, akashona foronya ya mraba na kuijaza pamba. Chini aliacha pindo likae juu juu, ili nyuki wapite bila kubanwa mabawa. Hapo alipima mara mbili. Geti lilipogongwa, jiwe la mpaka lilikuwa limevikwa foronya, limekuwa kiti cha wageni.

Sista akaingia, akasalimia, akaketi juu yake kusubiri. Nyuki wakawa wanaingia na kutoka kati ya viatu vyake. Akauliza kwa nini hawakuwachoma, na fundi akamweleza yote aliyoambiwa na afisa: hawana ubaya, wana msimu wao, wanataka udongo wao tu. Sista alisikiliza hadi mwisho. Akanyanyua miguu kidogo kuwapisha.

"Una roho nzuri, mdogo wangu," akasema. "Mwingine asingewahurumia."

Fundi alikuwa amemsimamisha sasa, anambana gauni kiunoni, pini kadhaa zikiwa mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu. Aliziacha pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, mpaka ulimi ukaonja chuma.

Msimu ulipokwisha nyuki wakaziba matundu yao kwa udongo, wakaenda zao. Timazi akarekebisha kona ya duka la viatu, na mwenye duka akaridhika. Ukuta haukusogea, na watu wakipita bado wanausifu. Fundi hakupanda majani. Jiwe limebaki, na mahameli yake hufuliwa na kuanikwa pamoja na mashuka.

Sista huja kila Jumamosi, hata akiwa hana nguo ya kushona. Huketi pale akiwa ameuelekea ukuta, anakunywa chai anayokaribishwa na Timazi mwenyewe, na haulizi kitu. Mara moja tu alijisogeza, akapitisha mkono chini yake, juu ya kitambaa, taratibu, kama anavyompapasa mgonjwa tumbo.

"Ile saba inanifinya," akasema. Hakumalizia na labda. "Niongezee pamba."

Timazi akatazama ndani ya kikombe chake. Fundi akaichukua foronya, akafumua mshono mmoja, akaongeza pamba, akaishona tena.