Maji Yaliyokosekana Nyuma ya Sauti ya Papa Médard

Wewe uligeuza uso. Usimtafute jirani wa kumsukumia lawama. Papa Médard alipita mbele yako na kikapu chake kirefu cha kutegea samaki begani, akakusalimu mbote, nawe ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Miezi minne unafunga kiatu kilekile. Kisangani tumezoea hivyo: mtu akiitwa msaliti hatuulizi amesaliti nini, tunasogeza benchi tu. Tulifanya vilevile mwaka ule walipofunga njia ya ukingoni, na mzee aliyesema karatasi ya kibali waliyoonyesha ni ya uongo alikufa hasalimiwi.

Lakini usijione peke yako. Wa kwanza kumgeuzia Papa Médard uso alikuwa binti yake mwenyewe.

Laurette alikuwa na chumba cha kurekodia kwaya, karibu na maporomoko ya mto kiasi kwamba ukuta ulitoka jasho. Alifanya kazi na bafle mbili kubwa, zile spika za kutikisa vifua harusini, na wanakwaya walikuwa wakilalamika kwamba sauti za akina mama zinatoka kama zimefunikwa blanketi. Ndiyo maana asubuhi ya Jumatatu alipanda pikipiki mpaka Makiso, katikati ya mji, dukani kwa Valère, kuchagua spika ndogo za mezani.

Valère alikuwa na seti mbili za kujiungia mwenyewe: mbao zimekwisha kukatwa, nyaya ndani ya mfuko, skrubu ndani ya kikopo. Ya kwanza ilikuwa na besi nene na twita ya kawaida ya kutolea sauti za juu, ile ya kitambaa kilichovimba. Ya pili ilikuwa ndogo, na twita yake ilikuwa utepe wa aluminiamu uliosimama wima katikati ya sumaku, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Kila seti alikuwa ameunga jozi moja ya kuonyesha.

"Chukua hii ya besi," alisema Valère. "Ile ndogo watu watakucheka. Bafle gani inaenea ndani ya sufuria ya pondu?"

"Sifanyi harusi, Valère. Minataka kusikiliza, minakaa mezani, basi."

"Bon. Donc ya ruban, ile ya utepe. Lakini usiipulize vumbi, ee? Pumzi yako tu inaweza kuipasua. Na ukae sawa, sikio mbele yake kabisa. Ukiinuka kidogo, sauti ya juu inakimbia."

"Iko na maringo kama mwenye duka."

"Mwenye duka iko bei ya chini. Umeleta nini ya kuijaribu?"

Laurette alikuwa ameleta kitu kinachozishinda spika nyingi: mlio wa maporomoko. Bafle zake huugeuza kuwa mafuta ya kukaangia. Na rekodi pekee yenye mlio huo kwenye simu yake ilikuwa ya mkutano wa mwezi wa sita, ile ambayo kampuni ya hoteli iliisambaza mji mzima. Tangu siku ilipochezwa mara ya kwanza hakuifungua tena. Hakutaka kumsikia baba yake.

Mkutano wenyewe ulikuwa juu ya mawe, palepale maporomokoni. Kampuni ilitaka kuzungushia uzio sehemu ile ijenge hoteli. Kwa familia za wavuvi wa pale, neno linalohusu miti iliyosimikwa majini ya kufungia vikapu vya samaki halisemwi ndani ya nyumba. Husemwa juu ya mawe, mbele ya maji. Wazee walisema mmoja mmoja, na kwa jinsi maji yalivyonguruma, kila mtu aliwasikia wa karibu yake tu. Baada ya wiki mbili kampuni ikarudi na kipaza sauti, ikasimama juu ya mawe yaleyale, ikacheza rekodi ya mkutano. Sauti ya Papa Médard ikasema: "Tumekubali, sisi wote."

"Sikusema ile," alisema yeye. Nani alimsikiliza? Henri, mdogo wake wa tumbo moja, alikwenda akakata kamba za miti yake. Laurette akaacha kumpelekea chakula.

Basi, dukani, waliicheza kwanza kwenye twita ya kitambaa. Mafuta ya kukaangia, kama alivyotarajia, akaikatisha upesi. Wakahamia kwenye utepe. Laurette aliketi, akanyoosha shingo, na kwa mara ya kwanza akasikia maji yametoka ndani ya sanduku yakiwa maji: yale mazito ya chini, na juu yake matone, kila tone na jiwe lake. Alitabasamu. Halafu baba yake akasema, "Tumekubali, sisi wote," na maji yakapotea.

"Valère, hii yako inakata."

"Umeinua kichwa. Si nilikuambia?"

Alikita kidevu juu ya ngumi mbili, akatulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Wakarudia. Maji, maji, maji, baba yake, hakuna maji. Neno lilipokwisha, maji yakarudi kama bomba lililofunguliwa.

Valère alibadilisha waya. Akahamisha spika ya kulia ikawa ya kushoto. Pengo likabaki palepale, chini ya maneno yaleyale matatu. Na ndani ya pengo kulikuwa na kitu kidogo kikavu: tik, tik, tik.

"Ni nini ile?"

Valère aliinamisha sikio. Mzaha ukamtoka usoni. "Ventilateur," alisema. "Ubawa yake inagusa kifuniko. Minatengeneza za vile kila wiki."

Juu ya mawe yale hakuna feni. Hakuna hata waya wa umeme.

Laurette alisimamisha rekodi. Kampuni ilikuwa imeicheza rekodi palepale maporomokoni, na maji ya kweli yakaliziba pengo. Na yeye, fundi wa sauti, anayelala na kuamka na mlio ule mpaka hausikii tena, alimhukumu baba yake akiwa kando ya maji. Ilibidi aende mbali nayo ndipo ajue hayamo nyuma ya sauti ya baba yake.

"Nachukua hizi," alisema. "Hizihizi."

"Chukua," alisema Valère. "Lakini sikiliza, mama. Watasema ni wewe ulitoa mayi. Fundi ni wewe, mutoto wake ni wewe. Tafuta rekodi ingine ya siku ile, ya mutu mwingine."

Papa Médard alikuwa ameketi mlangoni kwake akisuka kikapu. Laurette alisimama mbele yake, akasahau hata kusalimia.

"Papa, ulikaa wapi pembeni ya ventilateur?"

Mzee aliwaza. "Bureau ya kampuni. Kabla ya mkutano. Waliuliza kama wavuvi tunakubali watupige foto. Nikasema tumekubali, sisi wote." Akamtazama. "Mbona unauliza?"

Akamweleza. Fito ilimponyoka mzee mkononi, naye hakuiokota.

"Kumbe," alisema. "Laurette, mimi mwenyewe nilianza kuamini nilisema. Usiku minajiuliza, labda nilisema nikasahau."

Laurette alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakujiandaa. Akakaa chini, kwenye vumbi, palepale.

"Unisamehe, Papa."

"Tutazungumza ile siku ingine. Ijumaa kampuni watasaini ile karatasi ya uzio, na sauti yangu ndiyo shahidi wao. Nenda utafute rekodi ile ingine."

Akaenda. Siku ya mkutano simu zilikuwa zimeinuliwa juu ya mawe nyingi kuliko vichwa. Jana aligonga milango kumi na mmoja. Mmoja alisema amefuta. Mwingine alisema simu iko Banalia kwa dada yake. Tonton Henri, aliyekata kamba, alisikiliza pengo lile mara tatu kwenye spika za utepe, akatoka nje. Yeye simu hana. Na wewe ulimwambia nini? Ulisema utaangalia baadaye.

Leo ni Jumatano. Kikao ni keshokutwa, saa tatu asubuhi, kwenye bureau ya commune, ofisi ya serikali ya mtaa, na uzio umekwisha kushushwa kutoka kwenye lori. Papa Médard alisimama hatua mbili kutoka kwako siku ile ya mkutano, nawe ulikuwa umeinua simu. Alisema hapana, na maji yanasikika nyuma ya sauti yake. Fungua video za mwezi wa sita. Usikate kipande, usimtumie mtu, usiombe ruhusa. Beba simu yenyewe umpelekee Laurette mkononi. Weka chini unachokisoma, uende sasa.