Meza ya Viti Viwili

Wenzake kazini walimwita Wino, kwa sababu hakuna skrini aliyoibuni bila kuichora kwanza kwa kalamu kwenye karatasi. Walimcheka, maana wao hata orodha ya kwenda sokoni waliiandika kwenye simu, lakini mwisho wa mabishano michoro yake ndiyo iliyopita. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Alikuwa pia na miaka thelathini na minane, chumba na sebule, sahani mbili ambazo moja ilikuwa haijaloa tangu inunuliwe, na tabia ya kula chakula cha mchana mbele ya kompyuta ili watu wadhani ana kazi nyingi.

Safari hii kazi yenyewe ilikuwa programu ya simu ya kununulia tiketi za matamasha. La kwanza kuuzwa humo lilikuwa tamasha la bendi moja kongwe ya dansi, Jumapili alasiri, katika ukumbi wenye meza ndogondogo za viti viwili viwili mbele, na nafasi ya kusimama nyuma. Bosi, mtu mwembamba aliyependa kuendesha vikao akiwa wima, alitoa sharti moja tu: meza isiuzwe nusu. Kiti kimoja kikibaki, nani atakitaka akae uso kwa uso na mtu asiyemjua?

Wino akaenda kuchora. Kwa meza za mbele akaweka idadi ya tiketi ianzie mbili. Kitufe cha kupunguza akakipaka kijivu, ukikigusa hakisikii. Chini yake akaandika maneno, akayafuta, akayaandika tena mpaka yakamridhisha: "Muziki ni wa wawili. Unakuja na nani?" Halafu orodha ya kuchagua: mwenza, mchumba, rafiki, mfanyakazi mwenzangu. Usipochagua, huendi mbele.

Fundi wa programu, mwanamume mpole aliyevaa sweta hata wakati wa joto, ndiye pekee aliyeuliza.

"Na mtu wa peke yake je?"

"Atasimama nyuma."

"Kama hataki kusimama?"

"Mtu wa peke yake anakwenda kwenye dansi kufanya nini?" Wino akajibu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, na huenda ndiye pekee mle ndani ambaye swali lile lilimhusu.

Sasa baba yake. Alikuwa fundi saa mstaafu, akiishi upande wa pili wa mji, mwendo wa mabasi mawili. Mama alikuwa amefariki miezi kumi na minne nyuma, na katika uhai wake yeye ndiye aliyewaunganisha. "Baba yako anakusalimu," angesema kwenye simu, hali mzee amekaa palepale hajafungua mdomo. "Binti yako anakuulizia," angemwambia mzee, hali Wino ameuliza tu kama mvua imenyesha. Uongo mtupu, lakini waliuishi vizuri. Alipoondoka, wawili wale wakagundua kuwa hawajui kuzungumza.

Simu yao ya Jumamosi haikumaliza dakika mbili. Umekula? Nimekula. Kazi? Inaendelea. Haya. Haya. Kila mara Wino alibaki ameshika simu, akijiapiza kwamba Jumamosi ijayo atamwambia anataka kwenda kushinda naye kutwa nzima. Jumamosi ijayo ikifika, anamuuliza kama amekula. Aliogopa kusikia mzee akisema hana haja. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa imebaki kuwa kwao, na akikataliwa kule hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Tiketi zilianza kuuzwa Jumatatu. Alhamisi bosi akaingia na bashasha tele.

"Kuna mteja ameanza kununua mara kumi na moja ndani ya siku tatu. Mara kumi ameishia njiani, ya kumi na moja akanunua. Huyo anaipenda programu yetu kufa. Wino, mpigie, tupate maneno yake tuyaweke kwenye tangazo."

Fundi wa programu akamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi. Wino hakufika hata katikati kuisoma, maana namba ya baba yake aliijua kwa moyo. Akafungua kumbukumbu za mteja huyo. Meza ya mbele, tiketi mbili. Anakuja na: mwenza.

Akafunga, akafungua tena, kana kwamba neno lingebadilika. Mwenza. Bendi ile ndiyo iliyowakutanisha baba na mama, na mama alizijua nyimbo zake zote na kuziimba vibaya jikoni. Miezi kumi na minne tu, na mzee ana mtu tayari, na mtu huyo anakwenda kukalishwa mbele kusikiliza nyimbo za mama. Binti hajaambiwa hata nusu neno. Ila tuseme ukweli, kilichomchoma Wino zaidi hakikuwa heshima ya marehemu. Ilikuwa ni kwamba hata baba yake, mzee wa simu ya dakika mbili, amepata wa kukaa naye, na yeye bado ana sahani moja kavu kabatini. Alimwonea wivu baba yake mzazi, na akajionea haya.

"Umempata?" bosi akauliza kabla ya kutoka.

"Hapokei." Hakuwa amepiga.

Jumamosi simu ikaita kama kawaida. Akaulizwa kama amekula, akasema amekula. Akangoja mzee aseme mwenyewe. Mzee akakohoa.

"Kesho una kazi?"

"Nina kazi," Wino akajibu kwa sauti kavu.

"Haya."

"Haya."

Na kazi alikuwa nayo kweli, maana timu nzima ilitakiwa ukumbini kuangalia tiketi zinavyosoma mlangoni. Alisimama kando ya nguzo, kitambulisho shingoni, roho juu. Baba yake akafika mapema kuliko wengi, ndani ya suti ya kijivu ambayo sasa ilimpwaya, kofia kichwani, akichechemea kwa lile goti lake. Alikuwa peke yake. Bawabu akaisoma simu ya mzee, akasita.

"Mzee, hizi ni tiketi mbili. Mwenzako?"

"Nipitishie zote mbili tu, kijana."

Atakuwa anakuja na gari lake huyo, Wino akajisemea. Akangoja. Kila mwanamke wa makamo aliyepita mlangoni, Wino alimkagua toka utosini hadi kwenye viatu, na wawili watatu akawachukia bila kosa lolote. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Wapiga ala walipoanza kujaribu vyombo, akapiga moyo konde na kuingia ndani, maneno makali yamepangwa tayari mdomoni.

Baba yake alikuwa ameketi meza ya mbele. Kofia yake ilikuwa kwenye kiti cha pili. Mtu mmoja aliinama kumuuliza kama anaweza kukichukua kile kiti, na mzee akatikisa kichwa.

"Kina mtu," akasema.

Wino akasogea. "Shikamoo, Baba."

Mzee akashtuka, kisha uso ukamkunjuka. "Marahaba, mwanangu. Kumbe kazi yenyewe ni hapa?"

"Ni hapa. Mwenza wako yuko wapi?"

Mzee alimwangalia bila kuelewa. Halafu akaitazama ile kofia, akaelewa.

"Nilitaka moja," akasema taratibu. "Goti hili haliwezi kusimama muziki mzima, nikataka kiti kimoja cha kukaa. Ikakataa. Nikajaribu asubuhi, nikajaribu jioni. Mimi najua saa ikikataa, kuna kosa mahali, na nikadhani kosa ni langu. Nimelitafuta mara kumi."

"Ukaamua kuchukua mbili."

"Nikasema basi, mbili, nitakuja na binti yangu. Ikaniuliza nakuja na nani. Nikatafuta mtoto. Nimeipandisha na kuishusha ile orodha, hapakuwa na mtoto. Nikasema labda siku hizi watu hawatoki na watoto wao, wanaona aibu. Jana nikataka nikuulize mwenyewe, ukaniambia una kazi."

"Na kwenye orodha ukachagua mwenza."

"Ningechagua nini? Mchumba, kwa meno haya?" Mzee alitabasamu kidogo, tabasamu likaisha lenyewe. "Rafiki zangu unajua wamelala wapi. Mwenza ninaye. Hayupo tu."

Yale maneno makali ya Wino yaliyeyuka yote. Akaishika ncha ya meza.

"Baba, ile orodha niliiandika mimi. Na kile kitufe kinachokataa. Vyote nimevichora mimi."

Mzee alimkazia macho. Hakuonyesha hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akiitazama saa aliyoifungua siku nyingi, hatimaye ameona ilipokwama.

"Wewe?"

"Mimi."

"Sasa mbona hukujiweka humo?"

Bendi ikaanza kupiga. Wino akaichukua kofia kutoka kitini, akaipakata, akaketi, na hadi wimbo wa kwanza unakwisha hakuweza kumtazama baba yake usoni.