Vigae vya Mama Loveness

Mama Loveness, mjane mkazi wa Masumbwe, alijijengea nyumba kwa kilimo cha mpunga. Siku ya kuchagua vigae vya lami vya kuezekea alikwenda dukani na shemeji yake, Gelasius.

"Vigae gani vitahimili upepo wa huku, vyembamba au vya tabaka mbili?" aliuliza.

Muuzaji akamgeukia Gelasius. "Mzee, wewe unapenda vigae gani?"

"Aliyekuuliza ni mimi!" Mama Loveness akafoka. "Matofali yote nimefyatua mwenyewe!"

"Mama, mambo ya paa ni ya wanaume," muuzaji akajibu.

"Mimi nimekuja kubeba tu," Gelasius akasema.

Wakatoka. Duka la pili, dada muuzaji alikunja kigae kimoja cha kila aina mbele ya Mama Loveness. Chembamba kikapasuka. Mama Loveness akachukua vya tabaka mbili, huku bado ana hasira na yule muuzaji wa kwanza.