Baba Aliyepigwa Mnada

Dalali wa mnada alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, ila nyumbani neno la mwisho lilikuwa la mkewe. Mkewe alipomwambia kwamba chekechea ya binti yao inaomba wazazi wajitolee, na kwamba jina lake limeshapelekwa, alicheka tu. Akasema mtu anayetuliza wanunuzi wa magari mabovu hawezi kushindwa na watoto wanaovaa viatu vya kushoto kulia.

Alishindwa kabla ya chai. Mwalimu alitoka kidogo kumwosha mtoto aliyejimwagia rangi, huku nyuma darasa likachafuka. Mmoja alipanda meza, wawili wakang'ang'ania kigari kimoja, na binti yake mwenyewe akajifanya hamjui. Dalali akaona liwalo na liwe. Akagonga meza kwa tofali la mbao la kuchezea, akakipiga mnada kile kigari.

Wote wakanyamaza. Kigari kikaenda kwa kalamu ya rangi. Akawaeleza sheria: mali ikishagongwa hairudi. Zikafuata soksi, vibanio vya nywele, na kofia ya mtoto ambaye siku hiyo hata hakuja. Alikuwa ameanza kujisifu moyoni pale binti yake alipomnyang'anya tofali.

"Nani anamtaka baba? Anabeba mgongoni. Akilala anakoroma, lakini ukimfinya ananyamaza."

Akanunuliwa na kibwana mmoja mwenye mafua, kwa biskuti iliyong'atwa upande. Binti akaila palepale.

Saa ya kwenda nyumbani, bibi wa mnunuzi alimkuta mjukuu wake ameng'ang'ania suruali ya dalali. Mwalimu akabembeleza, bibi akatisha, wapi! Dalali akajitetea kwamba ulikuwa mchezo.

"Ulisema hairudi," mtoto akamjibu, machozi yakimlenga.

Ikabidi ambebe mpaka kwao, binti akiruka-ruka nyuma. Huko akageuzwa farasi, akatambaa sebule nzima hadi mwenye mali akasinzia shingoni kwake. Bibi akamchukua mjukuu taratibu, akanong'ona, "Pitia mlango wa nyuma, baba. Na usionekane mtaa huu karibuni."

Mkewe alipomuuliza siku imekwendaje, alijibu kwamba ni kazi nyepesi. Mkewe akayatazama magoti ya suruali yake. Akasema mwalimu amepiga simu: kina mama wengine wa chekechea wanauliza mnada mwingine ni lini, maana na wao wana waume.