Mwanamke Anayesoma Barua Zangu

Rispah aliniambia kwa furaha, ndiyo maana nilichelewa kukasirika.

"Dadangu, barua zetu sasa zinaongea!" alisema kwenye simu. "Mtu anabonyeza tu, anasomewa akiwa kwa gari. Walikuwa wanalia ati hawana muda wa kusoma, si sasa wamepata?"

Rispah ni Mkenya, mtu wa benki, anakaa Observatory. Mimi natoka Tanga, nina duka la vitambaa hapa Mayfair. Kila Ijumaa tunatuma barua ya mtandaoni kwa Waswahili wa Johannesburg. Mimi naandika, yeye anashughulika na mambo ya kompyuta. Naandika nani kafungua mgahawa, wapi kodi imepanda, na moyo ukinijaa naandika na yangu. Wanaotusoma ni watu wa hapahapa: Wakongo, Wakenya wa maofisini, watu wa Dar. Wa kwetu Tanga hamna.

Nikabonyeza nisikilize. Sauti ya mwanamke, laini, haina kwao. Si ya Tanga, si ya Mombasa, si ya Lubumbashi. Ng'ombe anamwita ngombe. Lakini anasoma bila kukohoa wala kupiga chafya, nikasema sharp, safi tu, watu watapenda. Nikaendelea kumkatia mteja shifoni yake.

Barua ya wiki hii ilipokwisha, ikaingia nyingine yenyewe. Kisha nyingine. Mkasi ukiwa mkononi nikamsikia yule mwanamke anasema, ametulia kama anatangaza hali ya hewa: "Nimeachika. Eda yangu nimekaa nyuma ya kaunta, nikiwauzia wenzangu vitambaa vya harusi."

Nikaizima. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Mama yangu hasomi herufi za shule. Msahafu anausoma kunishinda mimi, lakini hizi nyingine hakufundishwa, na ukubwani alikataa kuzifuata. Kila Ijumaa namtumia barua ya wiki kwa WhatsApp aangalie picha za vitambaa, basi. Kwa hiyo nilikuwa huru. Niliweza kuianika talaka yangu mbele ya watu nisiowajua, na mama akafungua simu ileile akasifu rangi.

Na nilikuwa na sababu. Bakiri, aliyekuwa mume wangu, ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja. Dada hao walikaa miaka wamenuniana kwa ajili ya nyumba ya urithi, na ndoa yetu ndiyo iliyowapatanisha. Sasa wanapikiana, wanasukana. Bakiri yuko Durban na mke mwingine, na tulikubaliana kila mtu afunge mdomo wake. Mama akiuliza, "Mumeo hajambo?" najibu, "Hajambo, mama." Na ni kweli hajambo, mshenzi yule.

Nikampigia Rispah. "Izime!"

"Nizime nini?"

"Hiyo sauti. Za zamani zote. Mama yangu akifungua ya leo, itamsomea mpaka ya talaka."

"Woi," akasema. Kisha, kwa kunong'ona: "Niko kwa mkutano na mabosi, Nusaiba. Nikitoka tu naizima."

Nani angengoja? Nikafunga duka Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, saa ya biashara nono, nikaita gari niende kwake Observatory, maana Ijumaa hufanyia kazi nyumbani, nikamsimamie kichwani. Kila robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, tuliyoifikia ilikuwa nyekundu. Nilikuwa naitazama ile taa kama ndiyo iliyoniacha.

Kabla hatujatoka mjini, ujumbe wa sauti ukaingia. Mama. "Nusaiba mwanangu, leo barua yako imesema. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Nipigie."

Mpaka mwisho. Mwisho wa nini, wa vitambaa au wa zote? Nikaurudia ujumbe, nikaurudia tena, natafuta hasira humo ndani, natafuta kilio, nikaishia kusikia kuku wa jirani yetu. Nikaona kiti kinaniunguza. Dereva akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kwa Kizulu kama ni mzima. Nikamwambia aendeshe tu.

Rispah alinifungulia mlango, visikilizi vya kompyuta vimemning'inia shingoni. "Nimezima. Zote. Angalia mwenyewe."

"Kashasikiliza."

"Aki pole. Sasa utamwambia nini?"

Sikupata nafasi ya kufikiri. Simu ikalia. Mama akisema nipigie, hangoji upige. Nikaiweka simu juu ya meza ya jikoni, nikafungua spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyo mwanamke anayesoma, ni nani?"

"Yupi, mama?"

"Huyo wa kwenye simu. Kanisomea habari za vitambaa, nikafurahi. Alipomaliza akaanza kueleza yaliyomkuta yeye. Kumbe kaachika, maskini! Huku anakusomea barua zako na moyo wake unavuja. Ulikuwa unajua?"

Rispah akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilitaka kucheka, nitoke nje nicheke barabara nzima. Mama alisikia "mimi" ikitoka kwenye sauti isiyo yangu, akaona ni ya mwenye sauti. Nilikuwa nimepona.

"Najua kidogo," nikasema.

"Ana mama?"

"Anaye."

"Mama yake anajua?"

Rispah alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu: nyamaza, ishie hapo. "Hajui," nikajibu.

"Sasa mtoto anaachika, anakaa eda dukani kwa watu, mama hajui! Anamficha kwa nini? Kuachika ni haramu?"

"Anaogopa."

"Anamwogopa mama yake mzazi?"

Hapo nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. "Mume ni mtoto wa mama yake mkubwa! Akisema, mama na dada yake watanuniana tena!"

Neno "tena" lilikuwa limeshatoka. Rispah akavuta kiti akakaa. Nikajiweka tayari kwa matusi, kwa kilio, kwa jina la mama mkubwa. Niliogopa kama mtoto, nasema kweli.

"Nusaiba," mama akaita. Sauti yake ilikuwa chini.

"Abee, mama."

"Ramadhani yote, kila magharibi, ulikuwa ukiniambia, 'Tumefuturu, mama, alhamdulillahi.' Tumefuturu, tumefuturu. Ulikuwa ukifuturu na nani?"

Nikaisogelea simu pale mezani.

"Peke yangu, mama," nikasema, na nikalia palepale jikoni kwa Rispah.